Baruti tulivu nayo ni baruti

Wanaoishi viungani mwa Dodoma kishindo cha kupasua mawe wamekizoea. Mji unajengwa, kokoto zinatakiwa. King'ora kinalia, mwamba unafumuka, na vumbi halijatua vizuri kina mama wagonga kokoto wanashuka shimoni na ndoo zao kuwahi mawe mazuri. Hapo ndipo pananikera.

Ukiwauliza, watakwambia baruti ya siku hizi haina fujo. Ni kweli. Hizi za nitrati ya amonia hazishtuki ovyo kama baruti za zamani, na utulivu wa namna hiyo hata majeshi yameutafuta kwa gharama. Mwaka 1967 moto ulizuka kwenye Forrestal, meli ya kivita ya Marekani. Mabomu yakaanza kulipuka kwa joto tu, wakafa watu 134. Majeshi yakazidi kusaka baruti zinazostahimili moto na mishtuko. Sisi tulioona maghala ya silaha ya jeshi yakilipuka Dar es Salaam, Mbagala 2009 na Gongo la Mboto 2011, hatuhitaji kuelezwa kwa nini.

Tatizo, kitu kitulivu hutuondolea woga. Kule Oppau, Ujerumani, mbolea yenye nitrati hiyo hiyo ya amonia ilikuwa ikigandamana ghalani, wafanyakazi wakiifumua kwa baruti. Walifanya hivyo maelfu ya mara, hakuna kilichotokea. Septemba 21, 1921 ghala lenyewe likalipuka, likaua zaidi ya watu 500. Beirut nako, tani 2,750 za nitrati ya amonia zilikaa bandarini kimya kwa miaka mpaka moto ulipozifikia Agosti 2020.

Machimboni utulivu una hila nyingine. Baruti isiyoshtuka upesi ndiyo hiyo hiyo inayoweza kufia njiani, hasa tundu likiwa na maji. Kishindo umekisikia, ukaridhika, kumbe chini ya kifusi kuna masalia, pengine na fataki nzima, kile kilipuzi kidogo cha kuishtua baruti. Fataki haijui utulivu, na mama anayegonga jiwe hana namna ya kujua kilichonasa kwenye ufa wake.

Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa akiletewa taarifa ya ulipuaji asiishie kuuliza saa ngapi. Aulize nani atakagua shimo baadaye, na nani atatoa ruhusa watu washuke. Kama jibu ni "wataona wenyewe", azuie. Tume ya Madini makao yake yako hapa hapa Dodoma. Kupeleka malalamiko ni nauli ya daladala.