Kiingereza Hakitaki Kuahidi

Jamani, mimi na Kiingereza tuna kesi, na mshtakiwa namba moja ni "should".

Shuleni tuliambiwa "should" ni amri yenye adabu. "You should sleep early", basi kalale. Sawa. Sasa mpelekee fundi kompyuta yako. Anaibofyabofya, anapangusa mikono, anakwambia, "It should work now." Hapo anaamriwa nani? Kompyuta? Imesikia? Kumbe mwenzio anabashiri: kwa hesabu zake, mashine imeshapona. Ukifika nyumbani ikagoma kuwaka, huna pa kumshikia, kwa sababu hakusema "will". Yarudie maneno yake taratibu, hutamkuta na hatia.

Halafu neno lenyewe linachagua. Linapenda habari njema. Sema "The exam should be easy", watu wote watatikisa kichwa. Sema "The exam should be difficult", watakugeukia kama umewaombea wafeli. Mabaya yatabiriwe kwa maneno mengine huko. "Should" haitaki lawama.

Hiyo "will" tunayoiamini nayo ina historia yake. Zamani ilikuwa kitenzi cha kutaka, na "shall" ilikuwa ya kudaiwa. Lugha haina "-ta-" kama yetu, ikaokota kutaka na kudaiwa ili ipate kuizungumzia kesho. Ndipo mwaka 1653 mwanahisabati John Wallis akaandika sarufi ya Kiingereza, tena kaiandika kwa Kilatini (watu hawa!), akaweka sheria: mimi nikisema "shall" natabiri tu, nikisema "will" naahidi au natisha. Kwa wewe na yule, geuza. Sheria hiyo ndiyo iliyozaa kichekesho cha mgeni anayezama mtoni akipiga kelele, "I will drown, nobody shall save me!" Waungwana wakasimama ukingoni, wakauheshimu uamuzi wake. Siku hizi wengi wao wenyewe hawaifuati, lakini kuna mwalimu mahali bado anaikatia watu maksi.

Tuje kwenye hela. Unamwomba mtu mkopo, anajibu, "If I had money, I would lend you." Ukisikia "had" unachangamka: kumbe alikuwa nazo, tuulizane zilikokwenda! Hakuna cha jana hapo. Anazungumzia sasa hivi, ila kakirudisha kitenzi nyuma ili ujue kitu hakipo. Kiswahili kinakunyima kwa mizani: "ningekuwa na hela, ningekukopesha", "-nge-" huku, "-nge-" kule, unaondoka mikono mitupu lakini umeelewa. Wao ukiweka "would" pande zote mbili, kalamu nyekundu hiyo. Na kama ni jana kweli? "If I had had." Had had! Lugha nzima imeshikwa na kigugumizi. Haya, na sisi tusijidai sana. "-Nge-" na "-ngali-" zimetengana vitabuni, mitaani zinalala kitanda kimoja.

Walimu walipoona watu wanalia, wakapanga sentensi za "if" kwa namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na ya sifuri. Nani anaanza kuhesabu matatizo kwenye sifuri? Baadaye ukishazimeza zote unaambiwa zipo pia za mchanganyiko.

Sijagusa "would" isiyo na "if". Mlango unagongwa, mtu anasema, "That would be my brother." Angekuwa kaka yake kama nini kingetokea? Sharti liko wapi? Halipo. Anakisia tu kwamba ni kaka yake, na kaka mwenyewe yuko nje anaendelea kugonga, hajui kwamba ndani bado yuko kwenye masharti.

Juzi nimepata barua pepe kutoka ofisi fulani: "Your form should be ready by Friday. Should you have any questions, please contact us." Should ya kwanza inabashiri, ya pili maana yake "ikitokea", na kati ya zote mbili hakuna aliyeahidi chochote. Nikawajibu kwa sentensi moja niliyoinoa usiku kucha: "I should hope so." Wamenijibu kwa upole, wanauliza kama hilo ni swali, ombi au tishio.