Wameniingiza Kwenye Urithi wa Dunia

Hapa Amu, yaani Lamu, ukitaka kung'oa dirisha la nyumba ya babu yako ulitie la vioo, uombe ruhusa kwanza. Mji mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na kitu cha urithi hakiguswi ovyo. Hilo nalikubali. Riziki yangu imo humo humo, maana vichochoro vyetu havipitishi gari na mchanga wa kujengea hautembei wenyewe kutoka pwani. Unabebwa na punda wangu. Nisichojua ni siku gani mimi nami niliorodheshwa.

Kosa langu dogo. Nimeacha kusema inshallah.

Subirini, msinikimbilie na fatwa! Nimeacha ile yetu ya uongo. Mtu anakuja, "Kesho niazime punda, tutaonana," na tutaonana maana yake hutamwona tena. Moyoni nasema hapana, mdomoni inatoka inshallah. Jina la Mola nimeligeuza pazia la kujifichia. Alfajiri namkuta mlangoni na koleo. Waliosema punda afe mzigo wa bwana ufike hawakutaja nauli analipa nani.

Binti yangu wa kidato cha tatu ndiye aliyenifunza. "Baba, si useme tu siwezi?" Silabi tatu. Nimefika miaka arobaini na minne sijawahi kuzitamka kwa mfululizo. Nikazifanyia mazoezi chooni.

Nilidhani mke wangu atafurahi. Miaka kumi na saba wimbo wake ni mmoja: "Baba watoto, huna msimamo, kila mtu akupanda." Basi wa kwanza kubisha hodi baada ya mazoezi akawa ami yake. Anajenga chumba cha juu, ataka punda siku nne, malipo dua. Nikasema kwa adabu zote, "Ami, siwezi." Mzee akasukuma kofia nyuma, akanitazama kama mtu aliyesikia ukuta ukiitikia salamu.

Usiku nikaitwa kikaoni.

"Msimamo nilitaka, ndiyo. Lakini si kwa ami yangu."

"Kwa nani basi?"

"Kwa ndugu zako!"

Kesho yake habari imeshafika mtaa wa Langoni kwa mama. "Mwanangu, umepatwa ni nini?" Nikamweleza yote, akasikiliza vizuri, kisha akaagiza kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji mgonjwa anywe. Nikanywa zafarani kikombe kizima, na kabla sijakiweka chini akaniuliza polepole, "Haya, sasa utampa?"

Ya barazani tuyaache. Nilipunguza kutafuna muguka wiki hiyo hiyo, wakaniita Ustadhi, na sasa nikikaribia wanahama kwenye umbea wanaingia kwenye bei ya samaki.

Kinachoniuma ni ile ngome pale Mkunguni. Naipita kila siku. Ilimalizika kujengwa 1821, baadaye ikafanywa jela, ikafunga watu hadi 1984. Leo ni makumbusho, wageni wanaingia na kamera. Jela nzima imeacha tabia yake na hakuna aliyeiuliza imepatwa ni nini, wala kuinywesha kombe. Mimi neno moja tu.

Juzi nimempakia punda mchanga wa mteja wa Mkomani, mteja anayelipa, msiwe na shaka. Nikasimama kidogo kumjibu mtu salamu. Salamu zetu mnazijua, hadi umalize kuulizia watoto na wagonjwa, punda keshatangulia. Kupinda kona, simwoni. Nikafuata alama alizoacha njiani (alama gani, mwenyeji wa Amu haulizi) hadi mlangoni kwa ami. Ndiko alikozoea, miaka yote hiyo ya inshallah.

Ami kakaa barazani, koleo mapajani, kama aliyeahidiwa.

"Nilijua mwanangu hutanitupa. Mwaga hapo."

"Ami, huu mchanga wa watu. Siwezi."

Nikashika kamba, nikavuta. Punda kimya. Nikazunguka nyuma, nikasukuma kwa bega. Nikambembeleza kwa majina ambayo mke wangu hajawahi kuyasikia. Majirani wakatoka, watoto wakaanza kuhesabu kila nikisukuma. Ami akainuka, akashika koleo, akaanza kupakua taratibu, huku akimsifu punda kwamba yeye walau hajabadilika.