Cheti hakizibi mashua

Binamu yangu ana vyeti vinne vya uwezeshaji wa vijana: cha ujasiriamali, cha uongozi, cha stadi za maisha, na kimoja ambacho mwenyewe kishasahau kilikuwa cha nini. Vyote vimo kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, kwao Langoni, mjini Lamu. Kazi hana.

Siibezi miradi hiyo, biriani yake nimeila. Semina siku mbili, fulana, nauli, picha ya pamoja, kisha wenye mradi washashika boti ya Mokowe, warudi zao bara.

Mwezi uliopita nilikuwa Matondoni, wanakoundia majahazi. Kijana mmoja alikuwa akipiga kalafati: asokota pamba iliyolowa mafuta, aipanga kwenye mwanya wa mbao, aishindilia kwa chembeu na nyundo. Fundi wake alikaa kivulini, kampa mgongo, anakunywa kahawa. Mara akasema, "Hapo hapajashika. Rudia." Hakugeuka hata. Alijua kwa mlio. Nikamuuliza kijana ana muda gani hapo. Mwaka wa pili, akanijibu, na mlio bado unamhadaa.

Sikio lile halipatikani ukumbini. Basi pesa za ukumbi na mahema zimlipe fundi kwa kila mwanafunzi anayempokea, na mwanafunzi naye apewe ya kula, miaka miwili mfululizo. Wazee barazani husema vijana wa leo wavivu. Mimi naona mwanafunzi halipwi, na nyumbani wanamngoja alete unga.

Sheria ya Kenya imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi chenye mafundi kitaomba kazi ya kutengeneza boti. Chenye vyeti vitupu kitaomba kukodisha viti, tena viti vyenyewe vya kuazima.

Najua nitaambiwa habari za bandari ya Kililana, gati la kwanza lilifunguliwa 2021, vijana wafunzwe kreni. Haya, wafunzwe. Lakini kreni moja yataka watu wangapi? Na watu wa Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, wataendelea kusafiri baharini, na chombo cha mbao, kiwe cha nani, huja siku kikavuja.

Juzi nilimsimulia binamu habari za Matondoni, mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza vizuri sana. Kisha akaniuliza kama mwishoni watu hupewa cheti.