Jongo na figo za wazee: tuanzie wapi?

Mzee akivimba kidole gumba cha mguu usiku, kikawa chekundu na kuuma hata shuka likikigusa, hapa Kisumu ataambiwa mara moja aache nyama na omena. Figo hazitajwi kabisa. Ndiyo maana nataka kuzungumzia ubishi uliopo kuhusu jongo, au gauti kama wengi tunavyoiita: je, ndiyo inayoharibu figo, au figo zilizodhoofika ndizo zinazoileta?

Kila upande una hoja. Figo huondoa mwilini takriban theluthi mbili ya asidi ya yuriki, aina ya taka ya mwili. Zikidhoofika, asidi hubaki kwenye damu na kugeuka fuwele kwenye viungo, kwa hiyo jongo huweza kuwa dalili ya figo ambazo tayari zina shida. Wengine wanasema asidi yenyewe huumiza mishipa midogo ya figo na kuleta vijiwe, na ni kweli kwamba wenye jongo huugua ugonjwa sugu wa figo mara nyingi kuliko wenzao. Lakini wengi wao pia wana presha na sukari, na hizo zinatosha kuharibu figo.

Mwaka 2020 yalitoka majaribio mawili makubwa ya alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo. Haikupunguza kasi ya figo kudhoofika. Wapo wanaoona kesi imekwisha hapo. Mimi sikubali, kwa sababu majaribio yote mawili hayakuwachukua watu waliowahi kuugua jongo. Kumnyima mzee wa jongo alopurinoli kwa kutumia matokeo hayo ni kumwonea. Mwaka huohuo, mwongozo wa madaktari wa viungo wa Marekani uliipendekeza hata kwa wagonjwa wa jongo wenye figo dhaifu, waanze na dozi ndogo, miligramu 100 au chini yake, kisha ipandishwe taratibu. Apewe kwa ajili ya viungo vyake, bila kuahidiwa kwamba itamponya figo.

Kinachonitia hofu zaidi kiko kwenye kaunta ya duka la dawa. Mzee anachechemea hadi Kondele, anaeleza maumivu, anapewa diklofenaki, dawa ya maumivu, ndani ya kibahasha na hakuna anayemuuliza anameza nini kingine. Nyumbani ana enalapril na haidroklorothayazaidi za presha. Hii ya pili hupandisha asidi ya yuriki, na zote tatu zikikutana zinaweza kuziangusha figo za mzee ndani ya siku chache, hasa akiwa anahara au hanywi maji ya kutosha. Kuna njia nyingine za kutuliza maumivu, kama kolchisini kwa dozi iliyopunguzwa au predinisoloni ya siku chache, lakini lazima daktari aamue, maana predinisoloni nayo hupandisha sukari.

Kuhusu chakula, pombe na maini vipunguzwe. Omena ina purini nyingi, yaani kemikali inayogeuka asidi ya yuriki mwilini, lakini masharti ya chakula pekee hushusha asidi kidogo tu, na kwa familia nyingi za kando ya ziwa ndiyo kitoweo wanachokimudu. Nisingemwondolea mzee omena yote kabla ya kuangalia dawa anazomeza.

Damu ipimwe kreatinini, taka inayoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi, na mkojo upimwe protini tangu shambulio la kwanza. Majibu yakiwa mabaya, arudie baada ya miezi 3, kwa sababu ugonjwa wa figo huitwa sugu ukidumu muda huo, na siku ya kurudi abebe dawa zake zote, hata zile za kibahasha.