Nyumba bila ardhi, lakini kwa dola

Binamu yangu aliyeko Doha amenitumia picha za fleti za Fumba, Unguja. "Dada, tununue, na ukaazi tutapata." Hajakosea. Mgeni akinunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 katika miradi iliyoidhinishwa na serikali, anaweza kuombewa kibali cha ukaazi, yeye na familia yake. Nikacheka peke yangu. Bibi yetu alizaliwa Ng'ambo, mjini Unguja, akaja kuolewa Kibokoni, hapa Mombasa, leo wajukuu zake turudi kwao kwa bei ya Mzungu!

Sasa, huko hununui ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar iliwekwa mikononi mwa serikali. Sheria ya 1992 inampa Mzanzibari haki ya kuitumia, mgeni anakodishwa tu, na Fumba ukodishaji wenyewe ni wa miaka 99. Wapo wanaolalamika kwamba huo ni wizi. Mimi siuoni wizi. Mtu wa Mombasa ashangae nini? Nyumba bila ardhi tumezaliwa ndani yake. Kuta zako, mabati yako, na kila mwezi unampelekea mwenye kiwanja kodi yake. Kilichotuumiza si kukosa ardhi peke yake, ni kukosa karatasi. Mwenye kiwanja akiuza, unapewa notisi na tingatinga linafuata. Afadhali mwenye kiwanja awe serikali na miaka yangu iwe imeandikwa.

Ninakoogopa ni pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, mgeni anapokubaliana na mwanakijiji chini ya mnazi, sheha, yaani kiongozi wa mtaa, akiwa shahidi, pesa mkononi. Visiwani mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na huenda wasiwe mtu mmoja. Mtu anadhani kapata shamba la ufukweni, kumbe kauziwa minazi.

Na kibali cha ukaazi si kibali cha kazi, wala hakikufanyi Mzanzibari. Hilo kwenye matangazo huandikwa kwa herufi ndogo, likiandikwa.

Nimemjibu binamu: niletee mkataba, picha nimeshaziona. Miaka iliyobaki ni mingapi? Ada ya huduma kwa mwezi ni kiasi gani, na nani anaipandisha? Nikifa, wanangu wanarithi vipi?

Kanitumia picha ya bwawa la kuogelea.