Boneti Iko Wazi, Gari Ni Zima

Hapa Nairobi ukifungua boneti mbele ya watu, kila apitaye anakupa pole. Soja wa getini atakupa pole, mama anayerudi na sukuma wiki atakupa pole, kijana wa bodaboda atapunguza mwendo akuulize kama unataka kusukumwa. Ni adabu njema, lakini ndani yake mna hukumu: anayeshika spana ameharibikiwa, au hana pesa ya kumlipa fundi. Kwamba mtu mzima anaweza kumaliza wiki yake ya kazi, akaamka Jumamosi, akavaa ovaroli, akatoa plagi nne, akazitazama rangi moja moja na kuzirudisha kwa raha zake, hilo wengi haliwajii akilini.

Naanza na pole hiyo kwa sababu mwezi uliopita kamati ya mtaa wetu ilibandika tangazo getini: ni marufuku kutengeneza gari kwenye maegesho, iwe ni ukarabati au kulibadilisha kwa namna yoyote. Sababu zilizotolewa ni tatu. Oili inachafua sakafu, watoto wanacheza karibu, na kazi ya fundi aachiwe fundi. Siungi mkono tangazo hilo, na ningependa lifutwe. Hata hivyo hakuna sababu ya kipuuzi kati ya hizo tatu, na mwenye kuzipinga anapaswa kuzijibu kwa uzito wake.

Hii ya fundi ndiyo nzito zaidi. Fundi mzuri ni hazina. Anayeshinda Kirinyaga Road, ambayo wengi hadi leo tunaiita Grogan, au kule Kariobangi Light Industries, amefungua Toyota Fielder nyingi kuliko nitakazofungua maishani. Analisikiliza gari likivuka tuta mara moja tu, anakwambia iliyokwisha ni bushi wala si shokabsoba, na ukilipandisha juu unakuta ni bushi. Sikio kama hilo halipatikani kwenye video. Tena video nyingi tunazotazama zimepigwa Marekani, kwenye gari lenye usukani wa kushoto na pengine injini tofauti na iliyomo katika gari lililotoka Japani, na kitabu kilichomo kwenye droo ya dashibodi kimeandikwa Kijapani. Anayejifundisha mwenyewe anapapasa sana kabla ya kushika.

Na riziki nayo ipo. Sevisi niliyojifanyia ni kazi ambayo kijana fulani hakuipata siku hiyo, na siwezi kulikana hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba pesa yangu haijaihama gereji, imehamia kazi nyingine. Zamani nilimlipa fundi anibadilishie oili na filta, kazi ambayo mwanafunzi wake huifanya huku akizungumza na simu. Sasa namlipa yeye mwenyewe kwa kazi inayotaka mkono wake: kukandamiza bushi mpya, kufungua gea boksi, kuchomelea. Naenda nikijua ninachotaka, na tunapatana bei bila kuviziana. Isitoshe, yeye mwenyewe alijifunza wapi? Mafundi wengi wa jua kali hawana cheti cha majaribio ya ufundi cha NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Waliingia gereji wakiwa vijana, wakabeba spana, wakatazama, wakakosea, wakarekebishwa. Njia hiyo tunaiheshimu ikipitwa na mwenye njaa, na inakuwa ya hatari pale tu inapopitwa na mwenye gari lake.

Lakini lipo jambo ambalo hoja ya kumwachia fundi hailigusi kabisa, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: maji ya rejeta.

Gari nililo nalo nilinunua kwa mtu hapa hapa mjini. Lilikuwa likifanyiwa sevisi gereji ile ile kila baada ya miezi michache, na risiti zote alinikabidhi. Asubuhi moja ya baridi, injini ikiwa haijawashwa, nilifungua kifuniko cha rejeta kwa mara ya kwanza. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyokaa usiku kucha. Niliingiza kidole, kikatoka na tope jekundu la kutu. Nikakigeuza kifuniko chenyewe: mpira wa chini ulikuwa umekauka na kupasuka, springi imeshika kutu. Risiti zilionyesha oili, filta, pedi za breki, plagi. Kifuniko hakikutajwa popote, na kulenti, ile dawa ya kupozea inayochanganywa na maji ya rejeta, haikutajwa. Kila maji yalipopungua, mtu alichukua kopo, akafungua mfereji, akajazia.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho maji hayasubiri nyuzi 100 ndipo yachemke, yanachemka karibu na 94, na ukipanda Limuru yanachemka mapema zaidi. Sasa injini nyingi za petroli zinafanya kazi kwenye joto hilo hilo, kati ya 85 na 100. Kinachozuia maji yasichemke ndani ya injini yako kila unapokwama kwenye foleni ya Mombasa Road ni kile kifuniko. Kwenye magari mengi ya Kijapani kimeandikwa 1.1, yaani kinashikilia shinikizo la karibu kilo 1.1 kwa sentimita ya mraba juu ya lile la hewa, na kwa kimo cha Nairobi shinikizo hilo linapandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 118. Mpira ukipasuka, umerudi kwenye 94. Maji yanageuka mvuke kuzunguka silinda, mvuke haubebi joto kama maji yanavyolibeba, na hedi ya aluminiamu, yaani sehemu ya juu ya injini, inaanza kupinda kabla dereva hajaona chochote. Toyota Vitz na ndugu zake wengi hawana hata mshale wa joto. Wana taa ya buluu gari likiwa baridi na taa nyekundu maji yakishazidi unga. Kinachofuata ni gasketi ya hedi kuungua na injini kushushwa. Nikiambiwa kwamba modeli fulani ina ugonjwa wa gasketi, swali langu la kwanza huwa ni lini mara ya mwisho mtu alikigeuza kile kifuniko akautazama mpira wake.

Kifuniko kipya ni shilingi mia chache. Kulenti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi inazuia kutu na inaongeza kiwango cha kuchemka juu ya hapo. Hakuna ufundi wowote katika kazi hii. Kinachohitajika ni mtu wa kutazama, tena atazame mara kwa mara gari likiwa limepoa, maana kukifungua kifuniko cha injini moto ni kujimwagia mvuke usoni. Na fundi hayuko mahali pa kutazama. Ana magari saba yanamsubiri, na mwenye la tatu anapiga simu kuuliza kama limeisha. Anaitwa kwa kilichoharibika, na ukimwita kwa breki atatengeneza breki. Simlaumu hata kidogo. Jicho la kila Jumamosi linaweza kuwa la mwenye gari peke yake, na tangazo letu linamkataza hata kufungua boneti kwa jambo hilo. Magari yaliyotumika yanayoingia nchini ni yale yasiyozidi umri wa miaka minane, kisha yanakaa nasi miaka mingine kumi, kumi na mitano. Gari la umri huo linataka mtu wa kulitazama.

Kuhusu watoto na usalama, kamati ina haki, na ningependa iwe kali zaidi ya ilivyo. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota nati. Jeki inateleza, na mawe ya ujenzi yanapasuka. Asiye na stendi mbili za chuma na sakafu iliyo sawa asinyanyue gari. Breki nazo haziruhusu kubahatisha. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205, lakini yanafyonza unyevu wa hewa, na yakishaufyonza kiwango chao kinaweza kushuka hadi 140. Anayeteremka Mai Mahiu nyuma ya lori, mguu kwenye breki njia nzima, anaweza kulifikia joto hilo, na pedali ikazama bila kushika kitu. Mimi pedi nabadilisha mwenyewe, ila mara mbili za kwanza fundi alisimama kando yangu, na kutoa hewa kwenye mfumo bado namwachia yeye.

Na yako magari ambayo mpenzi wa spana anapaswa kuyaheshimu kwa namna ya pekee. Toyota Aqua, gari la haibridi linalotumia petroli na umeme, zimejaa mjini. Betri yake kubwa ina volti 144, na inveta, kifaa kinachougeuza umeme wa betri kwa ajili ya mota, inaweza kuzipandisha hadi 520. Nyaya zile za rangi ya chungwa zinaua. Lakini hata hapo kuna kazi ya mwenyewe: betri hiyo inapozwa kwa hewa inayovutwa kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma, na vumbi letu na nywele za viti vinaliziba. Kulisafisha ni kazi ya kifyonza vumbi na dakika kumi, bila kugusa waya. Nimeona familia zinarundika mablanketi ya mtoto mbele ya tundu hilo, kisha zinashangaa betri imekufa mapema. Kujua mpaka uko wapi ni sehemu ya ujuzi wenyewe, na anayejua hivyo ni yule aliyewahi kuinama akatazama.

Kwenye mabadiliko ya gari, yaani kuinua, kushusha, rimu, taa na bomba la moshi, nakiri msimamo wangu unalegea kidogo. Kuinua gari Nairobi si maringo matupu. Matuta yetu mengine hayana rangi wala kibao, na mvua za Aprili zinageuza barabara mto. Tatizo ni kwamba spesa inayowekwa juu ya springi inabadilisha mambo manne kwa mpigo: pembe ya shafti za magurudumu, mpangilio wa magurudumu yenyewe, uthabiti wa gari kwenye kona, na mwelekeo wa taa. Tatizo jingine ni balbu za LED zinazotiwa ndani ya taa zilizoundwa kwa balbu za halojeni. Kioo hakikuumbwa kwa mwanga huo, kwa hiyo unatawanyika na kumpofusha anayekuja Waiyaki Way usiku. Huo ni ubaya kwa mtu mwingine ambaye hakuombwa ruhusa, na hobi yangu haiwezi kuuhalalisha. Anayebadilisha injini au rangi ana wajibu wa kuiarifu NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili hati ya umiliki isomeke sawa, na asiyeiambia kampuni yake ya bima kuhusu mabadiliko makubwa asishangae madai yakikataliwa siku ya ajali.

Ila tuulizane gari hizo zilibadilishwa na nani. Ninazoziona mtaani kwetu zilibadilishwa dukani, kwa saa moja, na mtu aliyelipwa na ambaye hataliendesha gari lile hata siku moja. Niliyemwona akifanya kwa mkono wake ni jirani wa ghorofa ya pili, mwenye Forester. Aliweka spesa, siku iliyofuata akaegesha mita tano kutoka ukutani na chaki mkononi, akapima taa zimepanda kiasi gani, akazishusha. Wiki ile ile akapeleka gari kupangwa magurudumu. Baada ya miezi miwili akazitoa spesa, kwa sababu alihisi gari linayumba kwenye mizunguko na mke wake hakulipenda. Aliyelipia dukani angekaa na kuyumba huko miaka, akidhani ndivyo gari lilivyo.

Oili haina ubishi mrefu. Injini ya 1NZ, iliyo katika Toyota nyingi ndogo, inachukua lita 3.7 pamoja na filta, na zote zinaingia kwenye beseni moja na dumu moja la lita tano. Oili chafu ina wanunuzi mjini, na wenye nguzo za ua wanaitaka kwa ajili ya mchwa. Aliyemwaga kwenye mtaro atozwe faini, na mimi nitakuwa wa kwanza kuinua mkono.

Nimempelekea katibu wa kamati pendekezo, nalo ni fupi: kona iliyo nyuma ya tangi la maji, ambako hakuna mlango wala bembea, Jumamosi saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Beseni na kadibodi chini ya kila gari. Stendi mbili au gari lisinyanyuliwe. Hakuna kuchomelea, hakuna kupaka rangi kwa mashine, hakuna kugusa nyaya za chungwa. Kukagua maji, oili, betri na plagi kuruhusiwe siku yoyote, mahali popote gari lilipoegeshwa. Kikao ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nitakwenda na kile kifuniko cha zamani mfukoni, na kipya kimoja, kila mwanakamati avishike vyote viwili mkononi kabla ya kupiga kura.