Hela ya Chumvi Imetoka Wapi?

Uchaguzi ukikaribia, hakosi mzee mstaafu wa kutuambia tuchague viongozi waadilifu na tuwakatae wanaotununua. Jaji Joseph Warioba, Waziri Mkuu wa Tanzania kati ya mwaka 1985 na 1990, amelisema hilo kwa miaka mingi. Kabla yake alilisema Mwalimu Nyerere mwaka 1995, miaka kumi baada ya kutoka Ikulu. Wasikilizaji nao hugawanyika vilevile kila mara. Wengine hupiga makofi na kurudi nyumbani kama waliotoka msikitini au kanisani. Wengine hukasirika: wazee hawa walishika nchi, leo wanamhubiria mwenye njaa, kana kwamba yeye ndiye aliyeifilisi.

Hasira hiyo ina haki yake, na nitaifikia. Lakini naona makundi yote mawili yamesikia mahubiri mahali palipofanywa hesabu.

Turudi mwaka 1995. Machi, Mwalimu alizungumza na waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam, na Mei Mosi akahutubia wafanyakazi Mbeya. Nyufa za taifa alizozitaja wakati ule tunazikumbuka wote, rushwa ikiwa mojawapo. Kilichosahaulika ni namna alivyoijenga hoja yake dhidi ya wanaonunua uongozi. Hakuanza na dhambi, alianza na pesa. Mtu anayetafuta Ikulu kwa fedha, fedha hizo kazipata wapi? Kama ni zake, kazichuma vipi? Kama amekopa au amepewa, atazilipaje, wakati Ikulu hakuna biashara ya kufanya? Ni maswali ambayo mhasibu yeyote angemuuliza mteja, na ambayo mama muuza vitumbua humuuliza mwanawe akirudi na simu mpya.

Niliyaelewa vizuri miaka kumi na mitano baadaye, kwa shangazi yangu, Muheza. Ilikuwa mwaka 2010, kipindi cha kura za maoni, chama kinapochuja wagombea wake. Jioni moja nimeketi naye kibarazani akipepeta mchele, akaja kijana wa jirani na daftari la shule, majina yameorodheshwa kwa kalamu ya wino mwekundu. Akatafuta jina la shangazi, akalipigia tiki, akampa pakiti mbili za chumvi na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na noti ya shilingi elfu tano, imekunjwa mara nne. Hakusema ampigie nani. Alisema tu, "Mheshimiwa anakusalimia sana, mama." Alipoondoka nikamwambia shangazi kwamba hiyo ni rushwa. Hakunyanyua macho kwenye ungo. "Mwanangu, hao wengine hata chumvi hawakuleta. Na akishapita, wote hatuwaoni. Sasa unataka nikose vyote viwili?"

Sikuwa na jibu. Hoja ya shangazi ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya wazee wetu, na wasomi wanaoandika kwamba mpiga kura maskini hajitambui hawajawahi kuijibu. Yeye alijitambua. Alikuwa amepiga hesabu ya upande aliouona. Elfu tano ukiigawa kwa siku za miaka mitano haifiki shilingi tatu kwa siku, na hilo wanaharakati hupenda kumweleza mwananchi kana kwamba hajui kugawanya. Anajua. Ila upande wa pili wa kitabu cha hesabu ni sifuri, na tatu ni zaidi ya sifuri.

Upande wa hesabu ambao hakuonyeshwa ni wa mtoaji, na huko ndiko Mwalimu alikokuwa akielekeza kidole. Mpokeaji hakuwa shabaha yake. Jimbo likiwa na watu elfu arobaini wa kupewa elfu tano tano, hiyo ni milioni mia mbili, kabla ya chumvi, mafuta ya magari, fulana na posho ya vijana wa madaftari. Mtu hamwagi fedha kama hizo kwa ajili ya kutumikia. Anawekeza, na mwekezaji ana siku ya kuvuna.

Sheria yetu yenyewe iliwahi kumbariki mwekezaji huyo. Mwaka 2000 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi na kuingiza kile tulichokiita takrima: mgombea akitoa kitu kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa jadi, isihesabiwe rushwa. Neno lenyewe ni zuri. Takrima ni heshima anayopewa mgeni, naye mgeni hupewa na mwenye nyumba. Sheria ile ilipindua mambo: mgeni anaingia kijijini na sufuria la pilau, anamkirimu mwenye nyumba, kisha anaondoka na nyumba. Uchaguzi wa mwaka 2000 na wa 2005 tuliupitia chini ya kifungu hicho. Aprili 2006 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mashirika ya haki za binadamu na mazingira, ikakitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Sababu mojawapo nadhani Mwalimu angeifurahia: kifungu kilimbagua mgombea asiye na fedha. Mahakama ilimtazama mtu ambaye wengi wetu hatumtazami katika mjadala huu, yule mwadilifu aliyetaka kugombea akahesabu mfuko wake, akakaa nyumbani.

Kuna takwimu moja ambayo nimeizungusha kichwani kwa miaka. Katika mwaka wa fedha 2005/06, zaidi ya shilingi bilioni 133 zilitoka Benki Kuu, kwenye akaunti ya madeni ya nje iliyojulikana kama EPA, zikalipwa kwa kampuni 22. Ukaguzi ulipokamilika, Januari 2008, Rais Kikwete alitengua uteuzi wa Gavana. Bilioni 133 ni tarakimu isiyoingia kichwani mwa mtu wa kawaida. Ni sawa na kuambiwa umbali wa nyota. Kwa hiyo siku moja niliigawa kwa idadi ya wapiga kura walioandikishwa kwa uchaguzi wa 2005, ambao walikuwa milioni 16.4 hivi. Jibu ni kama shilingi 8,100 kwa kila kadi ya kupigia kura.

Elfu nane na mia moja. Sisemi kwamba fedha za EPA ndizo zilizonunua kanga na chumvi. Ninachokitazama ni ukubwa wa kiasi chenyewe. Ni fedha za kiwango kilekile anachopewa mtu kwenye bahasha. Shangazi aliamini amepewa elfu tano na mtu aliyemkumbuka. Lakini katika mwaka mmoja wa fedha, kwenye akaunti moja tu, alikuwa ameshachotewa elfu nane bila kubishiwa hodi. Na hapo hatujagusa akaunti ya Escrow ya Tegeta, ile ya fedha za mgogoro wa malipo ya umeme, iliyolitikisa Bunge mwaka 2014. Angewekewa daftari la namna hiyo mbele yake, karibu na ungo, sidhani kama angeniambia tatu ni zaidi ya sifuri. Angeona kwamba anadaiwa.

Sasa niwageukie waliokasirika. Hoja yao ya kwanza ni kwamba uadilifu wa mtu mmoja hautoshi, na ushahidi wao ni mgombea wa Mwalimu mwenyewe. Benjamin Mkapa aliingia madarakani mwaka 1995 akisifiwa kwa mikono misafi, na miezi michache tu baadaye aliunda Tume ya Rushwa chini ya Jaji Warioba. Katika utawala wake huohuo nchi ilinunua rada kwa paundi milioni 28. Mwaka 2010 kampuni ya BAE Systems ilikiri mahakamani Uingereza kutotunza hesabu sahihi za biashara hiyo, na hatimaye paundi milioni 29.5 zikarudishwa kwa ajili ya vitabu na madawati. Hata akaunti ya EPA ilianza kuchotwa Mkapa hajaondoka. Hoja hii inauma, na sitaizunguka. Inaonyesha kwamba kumchagua msafi na kwenda kulala ni kazi nusu.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi: unamwambia nani achague, na achague kati ya nani? Mwaka 2020 wanachama zaidi ya 10,000 wa CCM, chama tawala, walichukua fomu za kuwania ubunge na uwakilishi. Mchujo ulifanywa na wajumbe na vikao, mwananchi akaletewa jina moja. Majimbo kadhaa mgombea alipita bila kupingwa. Mwaka 2025 Chadema, chama kikuu cha upinzani, haikuwemo kabisa kwenye karatasi ya kura. Na hata pale ushindani ulipokuwepo, watu walichanganywa. Septemba 2007, pale Mwembeyanga, Dar es Salaam, upinzani ulisoma majina ya watu uliowaita mafisadi, Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa wakati huo, akiwemo. Mwaka 2015 upinzani huohuo ukamsimamisha awe Rais, naye akapata karibu asilimia 40 ya kura. Lowassa alizikana tuhuma siku zote, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Lakini mpiga kura aliyefundishwa kwa miaka minane kwamba huyu ni fisadi, kisha akaambiwa huyu ndiye mkombozi, atajifunza nini kuhusu neno uadilifu? Dokta Slaa, aliyeyasoma yale majina, alijitoa. Wengine tulibaki tumeduwaa.

Nakubali yote hayo. Ninapoachana nao ni wanapohitimisha kwamba basi tusizungumze habari ya mtu, tuzungumze mfumo peke yake. Majirani zetu Wakenya wana Sura ya Sita ya Katiba yao ya mwaka 2010, inayohusu uongozi na maadili, iliyoandikwa vizuri kuliko chochote tulicho nacho. Bado watu wenye kesi mahakamani wanagombea, kwa kuwa hawazuiwi mpaka rufaa ya mwisho iishe, na rufaa zina miguu ya kobe. Mfumo nao unangoja watu wa kuusukuma. Kwetu, Warioba aliyasukuma yote mawili, na wanaomdharau kama mhubiri wanasahau. Ripoti ya tume yake ya mwaka 1996 ilitenganisha rushwa ya karani anayetafuta kujikimu na rushwa ya mkubwa mwenye tamaa. Hakumtupia lawama shangazi yangu. Na alipoongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba, rasimu yao ya Desemba 2013 iliweka uadilifu, uwazi na uwajibikaji miongoni mwa tunu za taifa, ikampa mwananchi haki ya kumwondoa mbunge wake kabla ya miaka mitano, ikaweka ukomo wa vipindi vitatu vya ubunge. Bunge Maalum la Katiba la mwaka 2014 likavifyeka. Mzee anayelaumiwa kwamba anamwachia mpiga kura mzigo wote alikuwa ameleta nyenzo za kuubebea, wakubwa wakazikataa.

Kuna ushauri wa tatu, maarufu vijiweni: kula kwao, kura kwetu. Pokea pilau, vaa fulana, ukifika kwenye kisanduku mpe unayemtaka. Una utamu wake, na kwa mtu mmoja mmoja unaweza kufanya kazi. Lakini ukiuweka kwenye hesabu ya Mwalimu unavuja. Mtoaji aliyekosa kura zako bado ana deni, na akipita kwa kura za wengine atalikusanya kwako pia, kwa kuwa dawa za zahanati haziulizi ulimpigia nani. Tena kila anayekula anaipandisha bei. Yule mwadilifu aliyejikaza mwaka huu akaja mikono mitupu, safari ijayo ataambiwa hata chumvi hakuleta.

Hapa naikumbuka Sheria ya Gharama za Uchaguzi, iliyopitishwa mwaka uleule wa 2010 nilipoketi kibarazani Muheza. Inaweka kikomo cha matumizi. Inamtaka mgombea aeleze kabla ya kampeni ana fedha kiasi gani na anatarajia kuzipata wapi, kisha baadaye atoe hesabu ya alichotumia. Taarifa hizo hufika kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Ukiisoma kwa makini, ni swali la Mwalimu limegeuzwa fomu. Viongozi nao hujaza fomu za mali na madeni chini ya Sheria ya Maadili ya mwaka 1995. Tatizo ni kwamba karatasi zote hizo husafiri kwenda juu, hazishuki. Hazibandikwi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji pembeni ya orodha ya wapiga kura, hazisomwi redioni wiki ya mwisho ya kampeni, na kijana wa daftari hatembei nazo.

Yule mheshimiwa aliyemsalimia shangazi naye alitakiwa aandike fedha zake zimetoka wapi. Pengine aliandika ukweli, pengine hakuandika. Jalada lipo. Shangazi hajawahi kuambiwa kwamba lipo.